Somo: Kamera nne kwenye skrini moja, na picha inayochelewa nyuma ya sauti

Nikaha ilikuwa baada ya Alasiri, msikiti mmoja wa Mji wa Kale. Wanaume chini, wanawake ghorofani nyumba ya jirani, na kazi yangu ilikuwa kuwapelekea picha: kamera nne za USB, laptopu moja yenye OBS (programu ya kuunganisha na kurusha picha za kamera), kebo ya HDMI imepenyezwa dirishani hadi kwenye televisheni yao. Sauti ilikwenda njia yake, kutoka kwenye mixa moja kwa moja hadi spika ya juu.

Bwana harusi akasema "nimekubali". Vigelegele vikapasuka huko juu. Kwenye televisheni, bwana harusi bado kafunga mdomo, anamtazama kadhi. Ikapita zaidi ya nusu sekunde ndipo midomo ikatikisika. Bibi yake bi harusi akauliza: "Kwani aliyekubali ni yeye au ni spika?"

Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: mtandao. Mtandao gani? Kamera iko kwenye waya wa mita mbili, haijagusa intaneti hata kidogo. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, lakini picha yangu haikuwa na safari ya kufika ufuoni, ilikuwa inatoka mezani kwenda dirishani. Wengine wakanishauri ninunue laptopu mpya. Sikununua, na leo zile kamera nne zinakwenda kwa laptopu ile ile.

Tatizo lilikuwa foleni. Picha ikishatoka kwenye kioo cha kamera hupanga foleni mara kadhaa kabla ya kuonekana: ndani ya kamera yenyewe, kwenye waya wa USB, kwenye bafa ya draiva (akiba ya picha zinazosubiri zamu), ndani ya programu, kwenye kadi ya michoro, na mwisho ndani ya televisheni. Fikiria kivuko cha Likoni. Feri zikipungua, kupanua uwanja wa kusubiria hakumvushi mtu mapema, kunaongeza tu magari yanayosubiri. Bafa kubwa ndio huo uwanja.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka mwaka mzima. Fungua kwenye simu saa ya kupimia mbio, ile inayoonyesha visehemu vya sekunde, uiweke mbele ya kamera. Chukua simu ya pili, upige picha moja ambayo ndani yake saa yenyewe inaonekana, na ile saa kama inavyotokea kwenye skrini pia inaonekana. Toa. Ikiwa simu inasema 14.82 na skrini inasema 14.17, umechelewa milisekunde 650. Rudia mara tano, maana pimo moja hudanganya.

Pima kila kamera peke yake, kisha zote zikiwa zimewashwa. Pima kwenye skrini ya laptopu, kisha kwenye televisheni. Matokeo yangu yalikuwa hivi: kamera ya kwanza na ya pili 120 hivi, ziwe peke yake au na wenzao. Ya tatu 120 peke yake, 300 ikiwa na wenzake. Ya nne 650 peke yake, 700 na wenzake. Televisheni ikaongeza karibu 100 juu ya kila moja.

Namba hizo zilinionyesha pa kwenda. Kamera iliyo nyepesi peke yake na nzito kwenye kundi ina shida ya USB au prosesa. Iliyo nzito hata ikiwa peke yake ina shida ya mipangilio, au mwanga, au bafa. Na ikiwa kuchelewa kunakua, ukianza na milisekunde 200 na baada ya dakika kumi umefika sekunde tatu, basi programu inasoma polepole kuliko kamera inavyoleta, na foleni inarefuka. Huyo wa mwisho dawa yake iko hatua ya 6.

Ile 100 ya televisheni niliiondoa kwa rimoti tu. Televisheni nyingi zina hali ya michezo ya video ("Game Mode"), ambayo huzima urembeshaji wa picha, na urembeshaji ndio unaokula muda.

Kiasi gani kinatosha? Pendekezo la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, BT.1359, linasema mtu huanza kutambua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini sauti ikichelewa hatambui mpaka ifike 125 hivi. Ina maana. Ukimtazama fundi anayegonga msumari kwenye mashua kwa mbali, siku zote nyundo huiona kwanza, mlio ukaja nyuma. Mlio kuja kabla ya nyundo hukuwahi kuona tangu uzaliwe.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya USB

USB 2.0 kwa maandishi ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60, na kwa kazi halisi hupati zote. Sasa chukua picha ya 1280×720 isiyobanwa, muundo wa YUY2: kila nukta baiti 2, fremu (picha moja moja za video) 30 kwa sekunde. Zidisha: megabaiti 55 kwa sekunde. Kamera moja tu, na barabara imejaa. Ukipanda 1920×1080 ni megabaiti 124, mara mbili ya barabara yenyewe.

Ndiyo maana kamera nyingi za USB 2.0 ukiziomba 1080 kwa YUY2 hazikatai, zinakupa fremu 5 kwa sekunde. Hiyo ndiyo iliyokuwa kamera yangu ya nne. Kwa fremu 5, kila fremu ni milisekunde 200. Weka fremu tatu kwenye foleni, umefika 600. Kamera haikuwa mbovu, mimi ndiye niliyeibebesha.

Halafu kuna jambo la kukata nafasi mapema. Kamera nyingi za USB hukata tiketi kabla ya kuanza safari, na tiketi kubwa kabisa kwenye USB 2.0 ni megabaiti 24 na ushei kwa sekunde. Kamera zikikata kubwa, inayofuata huambiwa hakuna nafasi, hata kama zilizotangulia zinasafiri na viti vitupu.

Na habu (kigawanyio cha matundu ya USB) ya matundu manne haina barabara nne. Ina moja, inagawiwa. Kwenye Windows fungua Device Manager, upange vifaa kwa muunganiko, uone kamera ipi iko chini ya kidhibiti kipi. Kwenye Linux andika `lsusb -t`. Kamera yangu ya tatu na ya nne zilikuwa habu moja. Niliihamisha ya tatu upande wa pili wa laptopu, ile 300 ikashuka hadi 130. Dakika moja ya kazi.

Hatua ya 3: Mipangilio ndani ya OBS

Bofya kamera mara mbili. "Resolution/FPS Type" weka "Custom". "Video Format" chagua MJPEG. "Buffering" weka "Disable". Rudia kwa kila kamera.

MJPEG hubana picha ndani ya kamera, waya ukapumua, lakini prosesa sasa inapata kazi ya kuifungua. Kwa hiyo usiombe 1080 kwa sababu tu ipo. Ukigawa skrini ya 1920×1080 mara nne, kila dirisha ni 960×540. Kamera ya 720 inatosha na kubaki. Wateja wakitaka "full HD" ya kila kamera kwenye dirisha la robo, mimi huwaambia sawa, nikaweka 720, na hajalalamika mtu.

Hatua ya 4: Mwanga

Kamera inayotakiwa kutoa fremu 30 ina milisekunde 33 tu za kukusanya mwanga wa kila fremu. Ukumbi ukiwa na kiza, mpangilio wa otomatiki huacha jicho wazi muda mrefu zaidi, na fremu zinashuka hadi 15 au chini. Picha inang'aa vizuri na inachelewa. Ndani ya "Configure Video" zima fidia ya mwanga hafifu. Kwenye Linux, kamera nyingi hukubali hii:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 -c exposure_dynamic_framerate=0`

Kisha washa taa.

Hatua ya 5: Joto na umeme

Laptopu isikae juu ya mkeka wala kitambaa. Prosesa ikipata joto hujipunguza yenyewe, na Februari hapa kwetu haina huruma. Chomeka umeme, usitegemee betri.

Hatua ya 6: Kwa wanaoandika programu yao (Python na OpenCV)

Kosa ninaloliona sana ni kusoma kamera zote kwa zamu ndani ya mzunguko mmoja. `read()` husubiri fremu ifike, kwa hiyo kamera moja nzito inawashika wote. Mpe kila mmoja msomaji wake, abaki na fremu mpya peke yake, za zamani azitupe:

```
import cv2, threading

class Kamera:
    def __init__(self, n):
        self.c = cv2.VideoCapture(n)
        self.c.set(cv2.CAP_PROP_FOURCC,
                   cv2.VideoWriter_fourcc(*"MJPG"))
        self.c.set(cv2.CAP_PROP_FRAME_WIDTH, 1280)
        self.c.set(cv2.CAP_PROP_FRAME_HEIGHT, 720)
        self.mpya = None
        threading.Thread(target=self.soma, daemon=True).start()

    def soma(self):
        while True:
            ok, fremu = self.c.read()
            if ok:
                self.mpya = fremu
```

Kuchora kufanyike mahali pamoja, kwenye uzi mkuu wa programu ("main thread"), ukichukua `mpya` ya kila kamera. Kuna `CAP_PROP_BUFFERSIZE` ambayo watu huiweka 1 wakadhani wamemaliza. Si kila mfumo wa chini huitii, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Hatua ya 7: Kilichobaki, linganisha

Kuchelewa hakuishi kabisa. Mimi nimebaki na 120 hivi kwa kila kamera. Kama moja imebaki nyuma, wacheleweshe wenzake waifikie: kichujio cha "Render Delay" hufika hadi milisekunde 500. Kisha icheleweshe sauti ilingane na picha. Kwangu ilibidi sauti niipitishe kwenye laptopu kwanza, badala ya kutoka mixa moja kwa moja. Na kumbuka sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita hewani, kwa hiyo pima ukiwa umekaa wanapokaa watazamaji, si karibu na spika.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Likoni:* Assalamu alaikum maalim. Mimi sina kamera, natumia simu tatu kwa Wi-Fi kama kamera. Kuchelewa kwapanda na kushuka, mara nusu sekunde, mara mbili. Nifanyeje?

*Jibu:* Waalaikum salaam. Kupanda na kushuka ndio dalili ya Wi-Fi yenyewe. Mawimbi ya 2.4 GHz yamejaa majirani. Kama ruta yako ina 5 GHz, hamia huko na uiweke chumba kimoja na simu. Bora zaidi, tumia kebo za USB. Programu nyingi za simu-kamera zinakubali kebo.

*Fundi wa Kongowea:* Kaka, mimi nafunga kamera za ulinzi madukani. Nikizitazama kwa VLC zinachelewa sekunde nzima na zaidi. Mteja anaona mtu ameshatoka mlangoni, picha bado yuko kaunta.

*Jibu:* Ndugu yangu, VLC yenyewe inashikilia milisekunde 1000 za akiba kwa picha za mtandao, hivyo ndivyo inavyokuja. Ishushe hadi 300 ujaribu. Na kwenye ukurasa wa madirisha mengi tumia mkondo mdogo wa kamera, ule mkubwa uufungue mteja akitaka dirisha moja tu. Ukiona picha inachukua muda kuanza kila ukifungua, punguza umbali kati ya fremu kuu ("keyframe") kwenye mipangilio ya kamera.

*Dada wa Kisauni:* Mimi narusha sherehe kwa YouTube, jamaa walioko Oman watazame. Kwangu OBS iko sawa, kwao yafika sekunde ishirini baadaye. Nimefuata hatua zako zote, wapi!

*Jibu:* Dada, hilo si tatizo la kamera. YouTube hukata video vipande vipande, mtazamaji akakusanya kadhaa kabla ya kuanza. Kwenye mipangilio ya matangazo mubashara kuna ngazi tatu za kuchelewa. Chagua ya chini kabisa uone kama mtandao wa jamaa zako unaistahimili. Lakini sauti na picha kwao zinafika pamoja, kwa hiyo mimi nisingejisumbua. Usiitumie njia hiyo kupeleka picha chumba cha pili tu.

*Mwanachama wa Mtwapa:* Mbona msinunue kamera za HDMI na swichi yake, mkapumzika na haya yote?

*Jibu:* Kweli kabisa, Bwana. Ukinunua, nikodishie.

*Mwanafunzi, Tudor:* Kaka, programu yako nimeijaribu. Kamera tatu zimeshuka hadi 90. Ya nne inafunguka kisha `ok` inarudi False baada ya dakika mbili tatu. Nimebadilisha tundu, bado.

*Jibu:* Umebadilisha tundu la laptopu, lakini plagi ya kamera umeitazama? Iangalie kwa tochi. Hewa ya chumvi hapa huacha ukungu wa kijani kwenye yale meno ya shaba, na USB hairudii kutuma fremu ya kamera iliyoharibika njiani, inaiacha ipotee. Pangusa kwa spiriti na kitambaa kikavu, ngoja ikauke. Kama waya umeurefusha kupita mita 5 bila habu yenye umeme wake, ufupishe. Halafu niandikie ilichofanya.

*Mwanafunzi, Tudor:* Ilikuwa kijani kweli. Imeshika dakika arobaini sasa. Waya nilikuwa nimeunga mita saba.