Hotirodi kutoka maboksi matatu

Ukitaka kuunganisha hotirodi ndogo ya plastiki kutoka seti tatu za magari ya mfano, kabla hujakata kitu, tafuta kipande cha kioo. Changu nilipewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa jirani, kina unene wa milimita 5 na upana wa kama daftari kubwa. Kiweke juu ya meza kiwe ndiyo barabara yako tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Meza za mbao hapa Dodoma zinapinda kiangazi kikikaza, na gari lililounganishwa juu ya mbao iliyopinda litakuwa na tairi moja hewani maisha yake yote.

Mimi ni fundi wa rangi za magari, gereji yetu iko Kizota. Mchana napiga puti na praima kwenye magari makubwa, usiku naunganisha madogo. Nilikulia Bahi, na kama watoto wote wa kule nilisuka magari ya waya, matairi tukikata kwenye ndala zilizokatika. Nilipoona kwa mara ya kwanza picha za El Mirage na Muroc, yale maziwa makavu ya California ambako vijana wa Marekani walipeleka Ford zao kuukuu kuzikimbiza, niliijua ardhi ile. Ni kama mbuga ya Bahi maji yakishakauka: tambarare, ngumu, nyeupe, upepo mtupu. Hotirodi zilikomaa mahali kama pale. Gari la zamani linavuliwa madigadi na kila kizito, linashushwa chini, linafungwa injini yenye nguvu kuliko iliyozaliwa nayo.

Iliyopendwa kuliko zote ni Ford ya 1932. Mwaka huo ndipo Ford walipotoa injini ya V8, yaani silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ambayo mtu wa kawaida aliimudu, lita 3.6, nguvu za farasi 65. Bodi yake ndogo imesimama wima, na vyuma vikuu vya chesisi vinaonekana kwa nje, hivyo ukitoa madigadi bado gari ni zuri. Mfano wake wa plastiki hupatikana kwa urahisi kutoka kampuni ya Revell katika skeli ya 1/25, yaani dogo mara 25 kuliko gari halisi, na ndilo boksi langu la kwanza. La pili ni Chevrolet Bel Air ya 1957 ya kampuni ya AMT, kwa ajili ya injini. La tatu ni Ford ya 1940, ambayo nimechukua rimu za chuma, difu, breki na usukani.

Vipande hivi sikuviokota ovyo. Watu wengi wanachanganya seti kwa kufuata kinachong'aa, mwishowe wanapata gari lenye injini ya kizazi kimoja, rimu za kingine na viti vya kingine kabisa. Mtu akiliangalia anahisi kuna kitu hakijakaa sawa ingawa hawezi kukitaja. Dawa yake ni kuchagua mwaka na kuuandika kwenye karatasi ukutani. Wangu ni 1958. Gari langu ni lile ambalo kijana wa mwaka ule angeweza kulijenga kwa kuzunguka kwenye vyuma chakavu. Chevrolet ya 1957 iliyogongwa inampa injini ya lita 4.6. Ford ya 1940 inampa breki za maji, kwa kuwa ile ya 1932 ilikuwa na breki za kuvutwa kwa vyuma. Kila nikisita kuhusu kipande naangalia karatasi ile, na maswali mengi yanaisha hapohapo.

Skeli nayo ina mtego. Maboksi mengine yameandikwa 1/24 na mengine 1/25, na kwa macho yanafanana. Tofauti ni asilimia 4 tu, lakini ipige hesabu. Ford ya 1932 ina sentimita 269 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kwa 1/25 hizo ni milimita 107.7, kwa 1/24 ni 112. Bodi ya moja haitakaa kwenye chesisi ya nyingine bila kukatwa. Injini, matairi na taa unaweza kuvichanganya bila kuonekana. Bodi, chesisi, sakafu na kioo cha mbele vitoke boksi moja.

Osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo vikiwa bado kwenye matawi yake, yale ya plastiki yanayovishikilia ndani ya boksi, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta ambayo rangi haishiki. Kisha anza na mkao, yaani gari linavyosimama. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kote, wiki nzima wakati mwingine, na gundi bado sijaifungua. Naunga kila kitu kwa tepu ya karatasi: chesisi, ekseli mbili, matairi manne, bodi juu. Matairi yangu ya mbele yana kipenyo cha milimita 26, ya nyuma 30. Pua inainama, mkia unainuka, gari linakuwa kama mkimbiaji anayesubiri filimbi. Naliacha juu ya kioo, nainamisha kichwa hadi jicho liwe usawa wa meza, naliangalia. Kesho yake asubuhi naliangalia tena kabla ya chai. Nusu milimita mbele inabadilisha sura yote.

Kushusha mbele, usikate chesisi. Inua ekseli: kata vishikio vya springi, toa milimita 2, rudisha. Rimu zisipolingana na matairi ya boksi jingine, zungushia rimu ukanda mwembamba wa tepu hadi tairi libane. Ukipata seti ya zamani ya AMT usishangae kuona ekseli ya waya wa chuma inayopita katikati ya injini. Tundu lile lizibe kwa puti, ekseli itoe nje.

Sasa paa. Hotirodi nyingi hukatwa paa ili madirisha yawe membamba, na inchi 3 za gari halisi ni milimita 3 tu kwako. Pima kutoka mstari wa chini wa dirisha, kwenye sehemu ya nguzo iliyonyooka zaidi. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka nguzo zote na mgongo wa bodi, kingo zake ziwe ndiyo mistari yako miwili. Msumeno una unene wake na unakula plastiki, kwa hiyo kata ndani ya mistari, kisha fikia mistari yenyewe kwa msasa namba 400 uliobandikwa kwenye rula. Anza na mgongo, malizia nguzo za mbele, ambazo ni nyembamba na zikivunjika mapema paa linakosa mwongozo.

Ukilishusha paa utaona nguzo za mbele hazikutani sawasawa, kwa sababu zimelala kidogo. Usizilazimishe kwa gundi ukitumaini zitanyooka. Mimi naunga kwanza mgongo na nguzo za nyuma, naacha usiku mzima, kisha nazipindisha za mbele taratibu kwa vidole hadi zikutane. Gundi hapa iwe ile ya plastiki inayoyeyusha, kwa kuwa inafanya vipande viwili kuwa kimoja. Supaglu inashika haraka lakini ni kavu, ukibonyeza inakatika.

Mapengo yazibe kwa puti ileile ya magari, ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), kiasi cha nusu kijiko cha chai. Haisinyai kama puti za mrija. Pale unapohitaji plastiki bapa, tafuta makava magumu ya CD. Nyumbani kwetu kuna rundo la CD za kwaya ambazo hazina tena redio ya kuzipiga, na makava yake ni polistirini, plastiki ileile ya seti zetu. Inakubali gundi ileile. Ni kavu, kwa hiyo ichane kwa ncha ya kisu mara kumi au zaidi kabla ya kuivunja kwenye mstari. Sakafu ya gari langu na ukuta wa injini vimetoka humo.

Huo ukuta, ule unaotenganisha injini na dereva, lazima niueleze. V8 ya Chevrolet ni fupi na nyembamba, ndiyo maana vijana wa miaka ile waliipenda, inaingia kwenye Ford kama iliyopimiwa. Lakini distribyuta yake, kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, iko nyuma kabisa, wakati V8 ya zamani ya Ford ilikuwa nayo mbele. Ukiiweka injini mahali pa ile ya Ford, distribyuta inagonga ukuta. Ukiisogeza mbele, feni inagusa radieta. Pima nafasi hizo mbili kabla ya kuunga vishikio vya injini. Kwangu zilibaki milimita 1.5 mbele, na nyuma ikanibidi kukata shimo kwenye ukuta na kulijengea kisanduku kidogo kinachoingia ndani, kama mafundi wa magari halisi wanavyofanya. Hakikisha pia bomba la eksozi la kushoto halipiti pale pale panapopita chuma cha usukani. Propela shafti itakuwa ndefu mno. Kata katikati, punguza, unga.

Nyaya za plagi ndizo zinazoipa injini uhai. Waya halisi una unene wa kama milimita 7 au 8, kwa hiyo unataka wa milimita 0.3. Pasua hedifoni iliyokufa, ndani utakuta nyaya za shaba nyembamba sana. Zisokote mbilimbili, zipake rangi nyeusi. Ni nane kwa plagi na mmoja wa kwenda kwenye koili. Toboa kwa sindano iliyochongwa ncha, ukiizungusha kwa vidole.

Vipande vilivyopakwa kromu mimi nahifadhi vichache tu, kromu ya kiwandani ni nene na inaficha kingo. Viloweke kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ndani ya chupa yenye mfuniko, na kromu inaondoka yenyewe. Vaa glavu, fanyia nje. Dawa hiyo isikutane kabisa na dawa ya choo yenye asidi, mchanganyiko wake unatoa hewa ya sumu inayoweza kuua.

Nikifika kwenye rangi nazungumza kama mtu wa kazi. Bodi yangu ya kwanza niliipiga rangi ya gereji na tina (kiyeyusha rangi) ya gereji, nikaimwagia kama ninavyomwagia mlango wa pikapu. Plastiki ikachemka mbele ya macho yangu, ikajaa nyufa kama tope lililokauka. Miezi miwili ya kazi iliishia pale, na bado nimeiweka bodi ile kwenye rafu. Polistirini haistahimili tina kali ikiwa imeloa. Unaweza kutumia rangi ya magari, ila praima iende kwa vumbi jepesi mara nne au tano, kila mara ikauke kabisa kabla ya nyingine. Jaribu kwanza kwenye vijiko vyeupe vya plastiki vinavyobaki kwenye sherehe. Angalia chini ya mpini, vyenye namba 6 ndani ya pembetatu ni polistirini. Kijiko kikichemka, na bodi itachemka.

Na hewa ya Dodoma ujipange nayo. Kuanzia Juni upepo unaamka mapema na vumbi jekundu linaingia hata chini ya mlango uliofungwa. Mimi napiga rangi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chumba kidogo, madirisha yamefungwa wakati wa kupuliza, barakoa yenye kichujio cha mkaa usoni. Sakafu naimwagia maji dakika kumi kabla. Bodi naifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu hewa kavu inaipa plastiki umeme unaovuta vumbi kama sumaku. Nikimaliza naifunika kwa beseni, natoka, nafungua dirisha. Ukavu wetu pia unakausha rangi kabla haijafika kwenye bodi, inatua kama unga. Sogeza spreyi karibu, sentimita 15 badala ya 25, na mkono uende haraka zaidi.

Rangi niliyochagua ni ya kutu, ile nyekundu iliyofifia ya mageti kabla hayajapakwa rangi ya mwisho. Hotirodi nyingi ziliendeshwa hivyo miaka nenda rudi, zikiwa na praima tu, mwenyewe akidunduliza fedha za rangi. Inafaa mwaka wangu, na haidai kung'arishwa. Ukitaka rangi ya kung'aa, subiri wiki mbili, kisha msasa wa maji namba 1500, 2000, halafu polishi.

Vioo nilivikata upya kutoka kwenye plastiki angavu ya kifungashio cha shati, kwa sababu vya boksi havikuingia tena baada ya kushusha paa. Usivigundishe kwa supaglu, moshi wake unaacha ukungu mweupe usiotoka. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, ikikauka inakuwa angavu.

Matairi yanakuja mwisho. Matairi ya vinili, hasa ya seti za zamani, yanatoa mafuta yanayoyeyusha plastiki yanayoigusa, na joto linaharakisha. Chumba chenye bati bila dari mwezi wa Oktoba kinatosha kuharibu rimu. Paka ukingo wa rimu rangi ya enameli, iache ikauke siku tatu, zungushia karatasi nyembamba ya foili, ndipo uvalishe tairi. Na gari lililokamilika usiliache kamwe kwenye dashibodi ya gari halisi juani.

Rudisha gari juu ya kioo. Kata kipande cha karatasi ya risiti, kisukume chini ya kila tairi. Kinapopita bila kukwama, tairi hilo linaelea. Lowanisha kiungo cha ekseli yake kwa gundi ya kuyeyusha, subiri kilegee, bonyeza paa taratibu kwa kidole kimoja mpaka karatasi ikwame, kisha liache hapo mpaka asubuhi.