SSD mpya na feni safi: kazi mbili za kufungua laptopu mara moja

Laptopu ya kati ya 2010 na 2015 ikiwa inakwenda polepole na inaunguza mapajani, usiifungue mara mbili. Badilisha diski ya zamani kwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na usafishe mfumo wa kupoza siku hiyohiyo.

Anza na diski. Nyingi za umri huo zina nafasi ya diski ya inchi 2.5 yenye plagi ya SATA, aina ya kawaida ya kuunganisha diski. SSD karibu zote zina unene wa milimita 7, diski za zamani 9.5, kwa hiyo tia kipande cha plastiki cha milimita 2.5, la sivyo itacheza na kuchomoka kwenye plagi. Kama kuna tundu la M.2, lile jembamba la kuchomeka SSD iliyo kama kipande cha kadi, soma kwanza mwongozo wa modeli yako: tundu la SATA pekee haliioni SSD ya NVMe, aina nyingine yenye kasi zaidi, hata ikiingia vizuri. Diski ya zamani ya mizunguko 5,400 kwa dakika husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika 550. Mashine yenye SATA II, toleo la zamani zaidi, itaishia karibu nusu ya hapo, lakini nafuu utaiona tu, maana kinachochelewesha zaidi ni kile kichwa cha diski kuhangaika kutafuta faili ndogondogo.

Ukinunua dukani, iwe Ngamiani hapa Tanga au kwingine, omba SSD ichomekwe kwenye kompyuta yao na ifunguliwe kwa CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Saa za kazi zikisoma mamia, hiyo si mpya, hata boksi ling'ae vipi.

Itazame na diski yako ya zamani kwa programu hiyohiyo. Mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu mbovu za diski, ikiwa si sifuri kwenye safu ya Raw Values, usiinakili nzima: toa faili zako, kisha weka Windows upya. Kuweka upya ni bora pia unapotoka 500 GB kwenda 240, kwa sababu Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwa kawaida hukataa diski ndogo kuliko ya mwanzo.

Sasa fungua. Zima kabisa, toa chaja na betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15. Betri ikiwa ya ndani, chomoa plagi yake kabla ya kugusa kingine. Chora umbo la laptopu kwenye kadibodi na uchomeke kila skrubu mahali pake. Ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa kava. Skrubu yenye kutu, na huku pwani hazikosi, ikandamize kwa bisibisi inayoshika sawasawa, ikaze kidogo, ndipo uilegeze.

Kwenye feni ndiko watu wanakosea. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, hivyo vumbi hushikana na kuwa utando mzito kati ya feni na mapezi ya shaba. Blowa ya kupuliza kwa nje huusogeza tu. Fungua kifuniko cha feni, uvute utando kwa kibanio, kisha piga brashi. Ukipuliza, zuia mapanga kwa kidole. Yakizunguka kasi mno beringi inaumia.

Inua bomba la shaba linalokaa juu ya prosesa, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ya asilimia 70 ina maji, iache ikauke nusu saa. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, itandaze nyembamba kwa kadi ya plastiki. Dawa ya meno hapana: hukauka upesi, joto likarudi palepale. Vile vipande laini vilivyo juu ya chipu nyingine usivibadilishe kwa pesti; vipime unene, kwa kawaida milimita 0.5 hadi 1.5, ununue vya kulingana. Kaza skrubu za bomba kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake, nusu mzunguko kila moja, kwani ukimaliza upande mmoja kwanza prosesa inaweza kupasuka pembe.

Ikiwaka, hakikisha kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla ya Windows, kwamba SATA iko kwenye AHCI kabla ya kuweka Windows. Msimu wa kaskazi, bila kiyoyozi, nyuzi 45 hadi 60 mashine ikipumzika ni sawa, na chini ya 85 ikifanya kazi nzito. Ikikaribia 100 prosesa hujipunguza kasi yenyewe. Prosesa ikichemka huku feni ikitoa hewa baridi, joto halifiki kwenye mapezi: bomba halijakaa sawa au limekufa. Hewa ikiwa moto lakini kidogo, kuna vumbi umeliacha, au laptopu imewekwa juu ya godoro.