Kuchapa pwani tulivu ya Liguria kwa mwiko na kitambaa

Monotaipu ni chapa ya mara moja. Hakuna kinachochongwa kwenye kibao. Ukishachapa, karibu picha yote imeondoka na karatasi. Mchoraji Giovanni Benedetto Castiglione wa Genoa, mji wa Liguria huko Italia, alizichapa tangu miaka ya 1640, basi tuchore pwani ya kwao: vilima vya matuta ya mawe, mizeituni, bahari iliyolala.

Hatua ya 1. Tafuta plastiki ngumu inayopenyeza macho kama kioo cha dirisha, sentimita 20 kwa 30; hiki ndicho kibao. Weka mchoro wako chini yake, lakini ugeuze kwanza, maana chapa hutoka kinyume. Mimi niliwahi kutia sahihi kwenye kibao, jina likatoka halisomeki.

Hatua ya 2. Changanya wino wa mafuta, bluu iliyoiva na kahawia kidogo. Nyeusi tupu italeta usiku. Sambaza kwa rola huku ukisikiliza: wino ukizidi hunata na kulia kwa sauti nzito, ukikaa sawa huchachata taratibu.

Hatua ya 3. Kazi yenyewe iko hapa, na si kuchora, ni kufuta. Anga ifute kwa kitambaa cha pamba, mkupuo mmoja toka ukingo hadi ukingo. Usirudie, utaacha madoa. Baharini bakiza wino kidogo zaidi, na pale bahari inapokutana na anga pitisha kitambaa juu juu tu. Mchana wa joto ukungu huumeza mstari ule. Matuta yakwangue kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Jani la mzeituni ni la fedha upande wa chini, kwa hiyo gusagusa kwa kidole kilichofungwa kitambaa mpaka mwanga upenye. Mvinje, ule mti mrefu mwembamba, usiuguse, uache na weusi wake. Mmoja unatosha.

Utatamani kuongeza mashua. Niliiweka yangu, jicho likagoma kwenda kwingine. Nikaipangusa kwa kidole, alama iliyobaki ikawa kivuli cha wingu majini. Nikaiacha.

Hatua ya 4. Nyunyizia maji karatasi nyembamba iliyo imara, ikandamize kati ya taulo mpaka isimetemete. Ilaze juu ya kibao, usugue kwa mgongo wa mwiko, mizunguko midogo kuanzia katikati. Inua kona moja uchungulie, huku mkono mwingine umeshikilia. Ikiwa hafifu, rudisha usugue tena.

Hatua ya 5. Kibao usikioshe bado! Laza karatasi ya pili, sugua kwa nguvu zaidi. Itatoka picha iliyofifia, wachapaji huiita mzuka. Mchoraji Mfaransa Degas alikuwa akizipaka pasteli, yaani chaki za rangi, chapa za namna hii. Kwa mandhari haya mimi huupenda mzuka kuliko chapa ya kwanza, kwa sababu una vumbi la saa nane mchana. Uache ukauke siku kadhaa, kisha pasteli ya manjano hafifu kwenye matuta tu. Kibao kipanguse kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni.