Kufunga leza ya nanomita 780 kwenye rubidi katika hewa ya Tanga

Kufunga leza ni kuishikilia kwenye masafa yaleyale ambayo atomi za rubidi, aina ya metali, hunyonya mwanga. Chumba kikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida Tanga wakati wa kaskazi, umande hushika kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 25. Ukiipoza diodi, kijipande kinachotoa mwanga wa leza, hadi 20, lenzi italowa, mwanga utatawanyika, nawe utabaki unahangaika na saketi isiyo na kosa. Iweke nyuzi 27 au 28, kisha rudisha leza kwenye nanomita 780.24 kwa kuzungusha kioo cha mistari, kinachochagua rangi ya mwanga wa leza. Ziba boksi, tia silika jeli.

Rubidi haina shida na joto letu: chupa ya kioo ya sentimita 7.5 yenye rubidi hutoa mvuke wa kutosha bila hita. Iinamishe kidogo, mwanga unaorudishwa na vioo vyake usiingie kwenye fotodiodi, yaani kipima mwanga. Vaa miwani ya leza. Jicho huona wekundu hafifu tu hata mwali ukiwa wa hatari.

Gawa mwanga. Mwali wa kupimia, maikrowati 10 kwa upana wa milimita 2, upite kwenye chupa hadi fotodiodi. Wa kushibisha, unaopunguza unyonyaji wa atomi, maikrowati 100, uje kutoka upande wa pili kwa njia ileile. Yumbisha polepole piezo, kipande kinachosogeza kioo cha mistari kwa umeme: osiloskopu itaonyesha mabonde manne mapana, na ndani yake vilele vyembamba. Vikinenepa, punguza mwali wa kushibisha. Upana wa asili ni megahezi 6 tu.

Wengi hukosea hapa. Katika bonde la rubidi 87 linaloanzia F=2 (F ni namba ya ngazi ya nishati ya chini ya atomi, F′ ya ngazi ya juu), kilele kikubwa kuliko vyote si mpito halisi, yaani si mruko wa atomi kati ya ngazi mbili. Kimekaa katikati ya mipito ya kwenda F′=2 na F′=3, megahezi 133 chini ya huo wa pili, na hutokana na atomi zilizo mwendoni. Kufungia hapo ni sawa, ilimradi uiweke tofauti hiyo kwenye hesabu.

Tikisa mkondo wa diodi kidogo kwa kilohezi 50, zidisha ishara ya fotodiodi kwa mtikiso huohuo, chuja. Utapata mstari unaokata sifuri pale kileleni. Punguza yumbo la piezo hadi kibaki kilele kimoja, kisha washa saketi ya kurekebisha. Leza ikikimbia kilele, geuza alama ya ishara. Ikianza kutetemeka, shusha nguvu ya marekebisho kwa nusu.

Pangaboi lizimwe, linatikisa meza na hewa. Kiyoyozi kisipulize boksi: nyuzi moja kwenye diodi husogeza masafa takriban gigahezi 30, na piezo haifiki huko. Umeme ukikatika, washa kwanza kidhibiti joto, subiri kitulie, ndipo upeleke mkondo kwenye diodi.