Namna ya kumpima akteri mkubwa, tumchukue Richard Burton wa Wales

Kabla hujasema akteri fulani iko mkali ao haiko mkali, hakikisha kwanza sauti unayoisikia ni yake. Mi nimekulia Kamalondo, hapa Lubumbashi, na filme zote za Richard Burton nilizoziona utotoni zilikuwa zimetiwa Kifaransa, nikakua nikiwaambia watu yule mzee ana sauti tamu, kumbe miaka yote hiyo nilikuwa namsifu Mfaransa aliyemsemea. Siku nilipompata mu Kiingereza chake mwenyewe nilikaa kimya kabisa, juu ilikuwa sauti nyingine, nzito, inatoka chini kifuani na bado kila neno linafika safi.

Kwa hiyo tafuta ile yenye sauti ya mwanzo, na maandishi ya Kifaransa chini kama unayahitaji. Ukinunua DVD mjini ingia menyu ya lugha, usiache ianze yenyewe. Ukiletewa faili mu fleshi, jaribu kubadilisha njia ya sauti kwenye programu unayoangalizia, mara nyingine ziko mbili ndani na watu hawajui. Na usiogope eti Kiingereza chako ni kidogo. Sauti unaweza kuipima hata maneno yakikupita nusu, wazee wetu walikaa pembeni ya redio wakisikiliza michezo ya Mufwankolo, mchekeshaji wetu wa hapa Lubumbashi, na walijua nani anasema uongo kabla hajamaliza sentensi.

Burton ni mzuri wa kujifunzia juu watu wameshamhukumu zamani na hukumu yenyewe ni ya uvivu. Utasikia: alikuwa na kipaji kikubwa akakiharibu kwa pombe na kwa mapenzi ya Elizabeth Taylor, akteri mwenzake aliyemwoa, basi, imeisha. Mi naikataa hiyo, na nakuonyesha namna ya kuangalia mwenyewe ili uikatae ao uikubali na ushahidi mkononi.

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza andika alikotoka, kifupi tu, juu hapo njo utaelewa sauti. Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1925 kijiji cha Pontrhydyfen, kusini mwa Wales, jina lake likiwa Richard Jenkins, mtoto wa 12 kati ya 13, baba yake mchimba makaa ya mawe. Mama alikufa mwaka 1927 mtoto hajafika hata miaka miwili, akalelewa na dada yake mkubwa, Cecilia, kule Port Talbot. Nyumbani walisema Kiwelshi. Kiingereza alikifanyia kazi, na aliyemfanyisha hiyo kazi ni mwalimu wake wa shule, Philip Burton, ambaye alimchukua kama mtoto wake hadi akampa jina. Mwalimu huyo alimpandisha mlimani akamwambia asome maneno ya Shakespeare, halafu yeye anasogea mbali, anasogea mbali zaidi, na kijana lazima asikike bila kupiga kelele. Sisi tuliokulia na Kiswahili cha nyumbani, Kiluba cha bibi na Kifaransa cha shule tunajua hiyo kitu, ile lugha uliyoingia kwa jasho unaishika kila herufi kama chombo cha udongo, huiachii ovyo. Sikiliza konsonanti za Burton mwisho wa maneno utanielewa.

Zoezi la sauti halili mega mingi juu halina picha. Tafuta mchezo wa redio wa BBC wa 1954, Under Milk Wood wa Dylan Thomas, Burton njo msimulizi. Ao albamu ya Jeff Wayne ya 1978 juu ya vita ya watu wa Mars, humo pia anasimulia. Zima taa, funga macho. Jiulize mambo mawili tu: anapumua wapi, na anapunguza sauti wapi. Msimulizi wa kawaida anapaza pale jambo linapokuwa kubwa. Burton mara nyingi anashuka, na wewe unajikuta umeinama mbele kumfuata.

Lakini sasa, hapa njo pana jambo lenyewe, na wengi wanaomsifu Burton wanaishia kwenye sauti, na mi naona sauti ilimfichia kipaji chake kingine. Kwa hiyo zoezi la pili ni kuzima sauti kabisa.

Anza na The Robe ya 1953. Ni filme kubwa, ya kwanza kutolewa kwa picha pana ya CinemaScope, na Burton alitajwa kwa Oscar kwayo, yaani aliwekwa kati ya wagombea wa tuzo hiyo. Angalia dakika ishirini bila sauti. Mi ninachoona ni kijana wa jukwaani: kidevu juu, macho yanatupwa mbali, kifua kinamsemea mtu wa kiti cha mwisho mu ukumbi mkubwa. Yote hayo mu tiatro ni sawa kabisa, juu bila hayo wa nyuma hawapati kitu, lakini kamera iko hapa karibu kama mtu mnayekula naye bukari sahani moja, huwezi kumsemea kwa mikono hivyo. Kutajwa kwa Oscar hakunifanyi niseme alikuwa mzuri mule. Alikuwa amekakamaa.

Halafu weka The Spy Who Came in from the Cold, ya 1965, nyeusi na nyeupe, Martin Ritt njo aliiongoza. Zima sauti tena. Burton ni jasusi aliyechoka anayeitwa Leamas, na utaona mtu amebeba koti kama amebeba maiti, mabega yameshuka, uso hausogei, halafu macho peke yake yanakuambia huyu ameshajua wanamdanganya na bado anaendelea kutembea. Hakuna ile sauti ya dhahabu ya kumsaidia, na filme inasimama. Ukitaka kuona filme moja tu ya Burton mu maisha yako, ona hii. Wengine watakuambia nyingine, mi nasimama na hii.

Kati ya hizo mbili kilitokea nini? Miaka kumi na mbili, na mu hiyo miaka kuna Cleopatra ya 1963, ambapo alikutana kikazi na Elizabeth Taylor. Watu wanakumbuka skandali tu. Burton mwenyewe alisimulia kwamba mwanzoni alipocheza naye aliona yule mama hafanyi kitu chochote mbele ya kamera, hadi alipoenda kuangalia picha zilizopigwa, akakuta kila kitu kiko pale usoni. Taylor alikuwa mbele ya kamera tangu mtoto, alijua kamera inakuja yenyewe kukuchukua. Kwa hiyo wanaosema yule mwanamke alimharibia kazi, kwenye daftari langu nimeandika kinyume: alimfundisha nusu ya kazi.

Zoezi la tatu, usimwangalie yeye, mwangalie anayecheza naye. Who's Afraid of Virginia Woolf? ya 1966, Mike Nichols, filme yake ya kwanza kuongoza. Waigizaji wane, wote wane walitajwa kwa Oscar, wakashinda wanawake wawili, Taylor na Sandy Dennis. Burton hakupata. Sasa fuata kila mahali Taylor anapolipuka, halafu rudisha nyuma sekunde kumi uangalie Burton alifanya nini kabla. Utakuta kaweka neno moja dogo, ao kanyamaza kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, ao kavua miwani. Yeye njo anawasha kiberiti. Halafu kuna pale nje usiku, chini ya mti, anamsimulia mgeni habari ya kijana aliyeua mama yake kwa bahati mbaya, hana muziki wa kulilia, anasema polepole kama mtu anayehesabu pesa za mtu mwingine, na mwisho hujui kama alikuwa anasimulia mambo yake mwenyewe. Hiyo irudie mara tatu. Mara ya kwanza utafuata hadithi, ya pili utaona mikono, ya tatu utaona yule kijana mwingine anavyomsikiliza, juu akteri akiwa mzuri mwenzake anakuwa mzuri pia.

Sasa karia. Chora mistari mu daftari, mwaka kushoto, tiatro katikati, sinema kulia. Watu wanakosea wanaandika sinema tu, halafu wanashangaa kwanini wazee wa Uingereza walimheshimu hivyo. Mwaka 1951 Stratford kama Prince Hal wa Shakespeare, 1953 hadi 1954 tiatro ya Old Vic ya London akicheza Hamlet, mwisho wa 1960 Camelot kule New York iliyompa Tony, tuzo ya tiatro ya Marekani, mwaka 1961, halafu 1964 tena Hamlet New York, John Gielgud akimwongoza, maonyesho zaidi ya 130, na ile ilirekodiwa inaonekana hata leo. Mwaka huohuo 1964 filme ya Becket, aliyocheza na Peter O'Toole, imetoka. Ukiona mistari hiyo imejaa pande zote mbili unaelewa uzito wa mtu.

Halafu jaza na mibaya, usiiruke, kupima si kusifu. Miaka ya sabini kuna filme alizocheza kwa pesa na inaonekana, macho hayako mule. Pombe ilikuwa kweli, mwili ulichakaa kweli. Lakini angalia mwaka 1977 peke yake: amecheza Exorcist II, ambayo hata mi ninayempenda sikuimaliza, na mwaka uleule amecheza filme ya Equus, ikamletea kutajwa kwa Oscar mara ya saba. Mtu aliyeisha hawezi kufanya hivyo. Kwa hiyo usiandike "alianguka" kama mstari mmoja unaoshuka, andika mwaka kwa mwaka.

Mu Lubumbashi lazima niseme pia habari ya The Wild Geese, 1978, juu hiyo njo watu wengi hapa wanaijua. Burton ni kanali wa mamerseneri, askari wa kukodiwa, wanaoingia nchi ya Afrika kumtoa rais aliyefungwa. Nchi ni ya kubuni, lakini mshauri wao wa mambo ya kijeshi alikuwa Mike Hoare, yuleyule aliyeongoza mamerseneri hapa Kongo 1964 na 1965, wakati Tshombe ni waziri mkuu, na picha zilipigwa Afrika Kusini wakati wa apartheid. Baba mukubwa wangu hakutaka kuiangalia. Alinyoosha mkono akasema, "Mwanangu, bale batu niliwaona na macho yangu, hapana kuniletea mu nyumba." Nikazima, na nilikuwa na haki ya kuzima. Kwa hiyo hapa weka kurasa mbili tofauti. Ukurasa mmoja andika filme inasema nini juu ya Waafrika, na uandike bila kumhurumia mtu. Mwingine andika akteri alifanya nini na kazi aliyopewa, na hapo mi naona Burton alimcheza yule kanali kama mzee anayejua kazi yake ni chafu, hasa pale mwisho kwenye uwanja wa ndege anapofanya lile jambo kwa rafiki yake. Usiache ukurasa mmoja ufute mwingine, ni heshima kwa baba mukubwa na ni heshima kwa kazi.

Oscar usizihesabu kama magoli. Burton alitajwa mara saba, My Cousin Rachel, The Robe, Becket, Spy, Virginia Woolf, Anne of the Thousand Days, Equus, hakushinda hata moja. Akteri mwingine, Anthony Hopkins, amezaliwa 1937 palepale Port Talbot, ana mbili. Je, mmoja ni sufuri na mwingine ni mbili? Equus ilikuwa mchezo wa jukwaani kabla ya kuwa filme, na wote wawili walicheza yule daktari wake wa akili kwenye jukwaa la New York, Hopkins 1974, Burton 1976. Ukitaka kuwalinganisha anza na namna kila mmoja anavyonyamaza: Hopkins akinyamaza unaogopa anafikiria nini, Burton akinyamaza unaona kinachomuuma.

Na kama una usiku mmoja umebaki, tafuta yale mahojiano marefu ya tivi ya Marekani ya 1980 na mtangazaji Dick Cavett, pale Burton anasimulia baba yake mbele ya mwamba wa makaa, namna mchimba mzuri anavyoutazama kabla ya kupiga, kama daktari wa upasuaji. Sisi watoto wa kambi za shaba tulikuwa na wazee wanaosema hivyohivyo juu ya mawe. Hapo haigizi filme yoyote, na bado unaona kila kitu alichonacho.

Filme ya mwisho iache mwisho kweli. Nineteen Eighty-Four, Michael Radford njo aliiongoza, Burton ni O'Brien anayemtesa mtu anayechezwa na John Hurt. Alikufa Uswisi tarehe 5 Agosti 1984, ana miaka 58, filme haijatoka bado. Mule ile sauti kubwa ya mlimani ameiweka kando, anasema taratibu, karibu kwa upole, kama mwalimu anayemsikitikia mwanafunzi mzito. Anamwonyesha vidole, anamuuliza ni vingapi. Weka kalamu chini hapo, usiandike kitu, angalia mkono wake na uso wake hadi kipande kiishe, halafu njo uandike.