Mzazi anaugua Mombasa nawe uko ng'ambo: sheria na dawa ya maumivu

Uholanzi tangu 2002 na Kanada tangu 2016, mgonjwa mwenye kutimiza masharti anaweza kusaidiwa na daktari kufa. Usisafiri na fikra hiyo hadi Mombasa. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua. Adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Ridhaa ya mgonjwa haimwokoi daktari wala mtoto wake. Kumleta mama Kanada nako si njia: mgeni wa matembezi hastahiki huduma hiyo.

Sheria ya Afya ya 2017, hata hivyo, inampa mgonjwa haki ya kukataa matibabu baada ya kuelezwa matokeo yake. Kukataa mashine ya kupumulia si kujiua. Aseme mwenyewe mapema, iandikwe kwenye faili. Asiposema, siku atakayozidiwa ndugu watavutana kwenye simu, na atakayeshinda ni mwenye kutuma pesa. Hiyo ni dhuluma kwa mgonjwa.

Mara nyingi anayesema "heri nife" analia maumivu, na maumivu yana dawa. Waulize Coast Hospice, kituo cha Mombasa kinachohudumia wagonjwa wasiopona, kuhusu morfini ya maji. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, hata kama mgonjwa hajalalamika. Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea: mlezi anaogopa uraibu, chupa inakaa kabatini mpaka mzee apige kelele, na maumivu yakishapanda dozi ileile haitoshi tena. Morfini iliyopimwa na daktari kwa mgonjwa huyo haimharakishii kifo. Waeleze wanaomlea, tena na tena.

Ipimwe kwa sirinji isiyo na sindano, si kijiko cha chai. Kila chupa mpya isomwe ina miligramu ngapi kwa mililita, kwa sababu nguvu hutofautiana. Kichefuchefu kinacholetwa na morfini hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakuishi, hivyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Akiwa mgumu kuamka au anapumua polepole mno, daktari apigiwe kabla ya dozi nyingine.

Usibebe morfini kwenye begi. Ni dawa inayodhibitiwa, unaweza kukamatwa nayo kwenye uwanja wa ndege.

Kama ninyi ni Waislamu, maziko huenda yakawa siku ileile, na ndege ya kutoka Toronto haitawahi. Daktari akisema zimebaki wiki chache, kata tiketi siku hiyo, umkute mzee anakutambua.