Somo: Kuyeyushia kioo ndani ya kalibu ya plasta

Wengi huiogopa kazi hii kwa sababu ya moto, na moto ndio sehemu rahisi. Kioo cha dirisha kikifika 880°C hutiririka chenyewe. Kinachoua sanamu ni maji yaliyobaki kwenye kalibu na haraka wakati wa kupoza.

Mfano wetu ni kichwa cha samaki aina ya changu kilicholala ubavu: urefu sm 14, upana sm 10, unene sm 4 penye shavu. Kalibu inabaki wazi juu, kwa hiyo nta, ile ya kuyeyushwa ili itoke ndani, haihitajiki. Udongo wa mfinyanzi unatosha.

Udongo na kalibu

Finyanga juu ya ubao laini. Kuta zote zilale kidogo kwa nje. Sehemu ikijikunja kwa ndani, kioo hung'ang'ania humo kinapopoa na kupasuka. Usiweke pezi la mm 5 kando ya shavu la sm 4. Pezi hupoa mapema, na ufa huanzia pale vinapoungana.

Zungushia fremu ya mbao ya sm 20 kwa 16, kimo sm 7, ziba pembe kwa udongo. Utahitaji maji lita 1.2, plasta ya POP (plasta ya Paris) kilo 1.2 na unga wa silika kilo 1.2. Unga wa kuzibia viungo vya dari sio POP, hata kama muuzaji anaapa. Vaa barakoa ya N95 kabla ya kufungua mfuko wa silika, maana vumbi lake huharibu mapafu moja kwa moja, na sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe.

Changanya unga huo wa aina mbili ukiwa mkavu, kisha uchekeche juu ya maji (usimwagie maji juu ya unga). Acha dakika 2, koroga kwa mkono chini chini bila kuingiza hewa, na ukifikia uzito wa uji mwepesi mimina kupitia pembeni. Baada ya saa moja geuza, toa udongo, osha tundu kwa brashi laini.

Kukausha

Hapa mzani ni muhimu kuliko macho. Kalibu hii ikitoka kwenye fremu ina kama kilo 3.5. Plasta hujifungia takriban gramu 220 za maji kikemia, lakini karibu kilo nzima ya maji yaliyosalia lazima iondoke. Iweke juu ya vipande vya mbao, feni ikivuma pande zote, uipime kila siku. Uzito ukiacha kushuka, kalibu imekauka, nenda hatua inayofuata. Wakati wa kiangazi siku tano hadi saba huweza kutosha. Masika hesabu wiki mbili na zaidi, hasa kama karakana iko karibu na bahari. Usiianike kwenye jua kali siku ya kwanza: uso hukauka kabla ya kiini na nyufa nyembamba hutokea, kisha kioo huziingia na kutoa mapezi usiyoyaomba.

Kiasi cha kioo

Jaza tundu kwa mchele mkavu, sawazisha, mimina kwenye jagi la kupimia. Mililita zizidishe kwa 2.5. Tundu la ml 280 linataka gramu 700. Usizidishe, kwani kioo kikifurika hushika ukingo wa kalibu na kuvunjika.

Mabaki ya mafundi wa madirisha yanafaa, ila yote yatoke kwenye shiti moja. Kioo cha mbele cha gari kina plastiki katikati, kiache. Kata vipande virefu, osha, kausha bila kuacha alama za vidole, uvipange vikiwa vimesimama wima. Chenga ndogo huleta mapovu mengi madogo na kioo huwa kama maziwa.

Kijani utakachokiona kwenye unene ni cha chuma kilichomo ndani ya kioo. Usipigane nacho. Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová, mume na mke waliochonga sanamu za kioo kule Železný Brod, Ucheki, walijenga sanamu zao juu ya tabia hiyo: pembamba hupitisha mwanga, nene hukoza rangi. Kina cha jicho na shavu ndicho kitakachokuchorea samaki.

Programu ya tanuri

25°C kwa saa hadi 95, tulia saa 6.
25°C kwa saa hadi 200, tulia saa 2.
50°C kwa saa hadi 600, tulia saa 1.
150°C kwa saa hadi 880, tulia saa 2 hadi 3.
Shuka haraka hadi 545, mlango ukiwa umefungwa. Tulia saa 8.
4°C kwa saa hadi 490.
7°C kwa saa hadi 430.
22°C kwa saa hadi joto la chumba.

Ni kama saa 80. Tumepoza kana kwamba unene ni sm 5, kwa sababu chini kuna kalibu na juu hakuna, hivyo pande hizo hazipoi sawa. Kioo cha Bullseye (kioo cha sanaa cha Marekani) hutulizwa kwa 482°C, kwa hiyo usihamishe namba hizi kwake. Na uniti za LUKU ziwe za kutosha kabla ya kuwasha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika katikati je?*

Marahaba. Usifungue tanuri. Kama kioo kimeshayeyuka, umeme ukirudi na joto bado liko juu ya 545, endelea na programu. Likiwa limeshuka chini ya hapo, panda 25°C kwa saa hadi 545 na uanze upya zile saa 8.

*Yangu imepasuka. Nitajuaje ilipasuka lini?*

Pitisha kucha kwenye ufa. Kingo za mviringo: ulitokea wakati wa kupanda, moto ukazilainisha. Kingo kali: ulitokea wakati wa kupoa.

*Uso una utando mweupe, nimeosha hautoki.*

Hautatoka kwa maji, kaka. Ni fuwele zilizoota juu ya kioo kilipokaa muda mrefu kati ya 700 na 800, au kilikuwa kichafu. Saga kwa pedi za almasi 60, 120, 220, 400, maji yakitiririka.

*Chupa za bia nichanganye na dirisha?*

Hapana. Vinapanuka tofauti, vitaachana hata baada ya wiki. Chupa peke yake, za aina moja, sawa.

*Kuna njia ya kukagua kabla ya kumpa mteja?*

Iko, dada. Washa skrini ya kompyuta iwe nyeupe tupu, weka sanamu mbele yake, tazama kupitia miwani ya jua ya polaroidi huku ukizungusha miwani mpaka skrini iwe nyeusi. Kioo kilichopoa vizuri hubaki cheusi pamoja na skrini. Ukiona maeneo yanang'aa, hasa penye kona, kirudishe hadi 545 polepole kikiwa kimelalia mchanga mkavu wa silika, ukipoze upya.